Msimu wa kwanza wa elki kwa mtoto wa West Nile

Mwanzoni mwa 1910, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ameondoka madarakani Marekani mwaka mmoja kabla, alipiga kambi ukingo wa magharibi wa Nile, katika eneo lililoitwa Lado na lililokuwa bado mikononi mwa Wabelgiji. Alikuwa akitafuta vifaru weupe wa kaskazini kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Yeye na mwanawe Kermit waliwapata na kuwaua. Miaka minne baadaye sehemu ya kusini ya Lado iliingizwa Uganda, ikawa West Nile, na pale penye kambi za wawindaji hadi leo panaitwa Rhino Camp.

Wachache Arua wanajua kwamba mtu huyohuyo ana mnyama mwenye jina lake katika milima ya pwani ya magharibi ya Marekani. Ni elki wa Roosevelt, aliyepewa jina hilo na wanasayansi mwaka 1897. Elki ni mnyama wa jamii ya paa wa kaskazini, ambaye dume wake ana pembe zenye matawi zinazoanguka kila mwaka na kuota upya. Dume mzima hufika kilo 300 na zaidi. Siku chache kabla ya kutoka madarakani, Machi 1909, Roosevelt alitenga Mlima Olympus na misitu inayouzunguka ili elki hao wasimalizwe. Wapo mpaka leo. Vifaru wa West Nile nao waliwekewa hifadhi, Ajai, lakini vita na ujangili viliwamaliza kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wa aina hiyo waliobaki duniani ni wawili tu, Najin na Fatu, wote majike, wanaolindwa usiku na mchana Ol Pejeta nchini Kenya.

Kijana wa Arua au Koboko anayejikuta Colorado, Montana au Idaho, akisikia wenzake kazini wakizungumzia Septemba, mwezi wa kuwinda elki kwa upinde, ana sababu ya kuuliza maswali kabla ya kununua upinde. Kiswahili husikika katika miji ya huko kuliko wengi wanavyodhani: Missoula, mji wa Montana uliozungukwa na milima, umekuwa ukipokea familia za Kikongo tangu 2016, na Boise huko Idaho ilianza kupokea wakimbizi miaka mingi kabla yake. Kijana wa West Nile naye ametoka mahali ambapo upinde ulikuwa silaha ya baba na babu. Walugbara na Wakakwa waliutumia vitani na mawindoni. Urithi huo ni mzuri, ila katika msimu wa kwanza wa elki mshale ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Kibali, upepo na namna ya kuteremsha nyama mlimani ndivyo vinavyoamua kila kitu.

Anayehama na mazoea ya nyumbani afahamu kwanza sheria ya nyumbani yenyewe. Uganda ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1979, na ulipofunguliwa tena mwaka 2001 ulirudi kwa majaribio, katika maeneo maalumu na kwa vibali tu. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 inasema mnyama wa porini ni mali ya serikali kwa niaba ya wananchi, na anayemwinda bila kibali anatenda kosa. Kwa wanyama walio hatarini kutoweka, adhabu inaweza kufika faini ya shilingi bilioni 20 au kifungo cha maisha. Anayeshika upinde akiwa likizoni Koboko asidhani kwamba desturi itamtetea mahakamani. Upinde huo aupige kwenye gunia lililojazwa majani au matambara, na hapo atapata faida kubwa bila kumgusa hata sungura.

Marekani nako karatasi hutangulia. Ardhi kubwa ya milimani ni misitu ya serikali ya shirikisho, na mtu yeyote anaweza kutembea humo, lakini wanyama husimamiwa na kila jimbo kwa kanuni zake. Colorado ndilo lenye elki wengi kuliko majimbo yote, zaidi ya 280,000, na msimu wa upinde huchukua karibu mwezi mzima wa Septemba. Kila aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baada yake lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Montana inamtaka mwenye upinde awe pia na mafunzo ya upinde. Ili kuhesabiwa mkazi na kulipa bei ya mkazi, Colorado na Idaho hutaka mtu awe ameishi humo miezi sita mfululizo, na Montana siku 180. Tofauti ya bei kati ya mkazi na mgeni ni kubwa mno, na tangu 2025 mgeni anayetaka elki kwa upinde magharibi mwa Colorado lazima aingie kwenye bahati nasibu ya vibali, wakati mkazi bado anaweza kununua leseni ya maeneo mengi bila kusubiri kura. Maombi ya kura hufungwa mapema Aprili. Aliyefika Juni na akaanza kuulizia Agosti atakuwa amechelewa kwa mwaka huo, na ni heri autumie kusoma, kufanya mafunzo na kuzoea milima.

Kanuni za kila mwaka hutolewa bure katika kijitabu. Zisomwe zote, na kama Kiingereza bado kinasumbua, zisomwe pamoja na mtu anayekimudu. Mengi yaliyomo hayabahatishwi: jinsia ya mnyama anayeruhusiwa, namba ya eneo, saa za kupiga. Colorado huruhusu kupiga kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kutua. Kwa mtu wa Koboko, aliyezoea jua kuchomoza na kutua karibu saa zilezile mwaka mzima, hili lina mtego: kule mchana wa Septemba hupungua kila siku, na kufikia mwisho wa mwezi umepungua kwa zaidi ya saa nzima. Saa iliyoandikwa kwenye kijitabu ndiyo ifuatwe. Mazoea ya macho yatamdanganya.

Sasa upinde wenyewe. Colorado hutaka upinde wenye nguvu ya kuvuta isiyopungua ratli 35, yaani kama kilo 16, na Idaho ratli 40. Wawindaji wengi wa elki hutumia nguvu zaidi ya hiyo, kwa upinde wa kisasa wenye magurudumu kwenye ncha, ambao ukishavutwa hadi mwisho hupunguza mzigo mkononi na kumpa mtu nafasi ya kulenga kwa utulivu. Afrika Mashariki imeona pinde kali kuliko hizo. Waata wa pwani ya Kenya, waliojulikana pia kama Waliangulu, walivuta pinde za zaidi ya ratli 100 na kuangusha tembo, hadi kampeni ya kupambana na ujangili huko Tsavo katika miaka ya 1950 ilipowakomesha. Lakini mshale wao ulibeba sumu ya mti wa msunguti. Sumu hairuhusiwi kabisa katika uwindaji wa elki. Chembe cha mshale wa kule ni wembe wenye makali mawili au zaidi, usiopungua sentimita 2.2 kwa upana, na huua kwa kukata mapafu na mishipa ili damu itoke haraka. Ndiyo maana mahali unapoingia ni muhimu kuliko nguvu iliyourusha, na ndiyo maana chembe butu ni ukatili kwa mnyama.

Zoezi bora si kurusha mishale 100 kwa mpigo huku mkono ukilegea. Bora mtu aamke, avae mkoba na koti atakalovaa mlimani, atoke nje, arushe mshale mmoja tu. Huo wa kwanza, kabla mwili haujapata joto, ndio utakaofanana na ule wa mlimani. Arushe akiwa amepiga goti, akiwa amekaa, akielekea chini ya mteremko, akihema baada ya kukimbia ngazi. Umbali ambao mishale yake yote huingia katika eneo la ukubwa wa sahani ndio umbali wake wa kuwindia. Kwa mtu wa msimu wa kwanza mara nyingi huo ni mita 20 hadi 30, na asione aibu. Elki akisimama mita 50, aachwe.

Aliye bado West Nile akisubiri safari ana mahali pazuri pa kujiandaa kwa miguu. Mlima Liru upo Koboko, na Mlima Wati, ambao wengine huuita Eti, upo upande wa Terego. Milima hii ina heshima yake. Masimulizi ya asili ya Walugbara yanawataja mashujaa wawili, Jaki na Dribidu, wa kwanza akihusishwa na Liru na wa pili na Wati, kwa hiyo mgeni aanze kwa mwenyekiti wa kijiji (LC1) na wazee wa pale kabla ya kuanza kupanda. Akiruhusiwa, apande na mkoba wenye kilo 15 za maji au mchanga, ateremke taratibu, kwani kuteremka na mzigo ndiko kunakoumiza magoti. Arua ipo kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Kambi za elki Colorado mara nyingi zipo kati ya mita 2,700 na 3,300, ambako hewa ni nyembamba na hata mchezaji hodari wa mpira hupata maumivu ya kichwa na kichefuchefu. Dawa ni kufika siku mbili tatu mapema, kulala mahali pa chini kidogo usiku wa kwanza, kunywa maji mengi na kutoona haya kuteremka hali ikizidi.

Mteremko wa Liru unafundisha pia jambo la pili, ambalo wataalamu wa elki hulitaja kuliko yote: mwendo wa hewa. Mtu abebe majivu makavu kidogo ndani ya kichupa laini cha plastiki. Alfajiri, kabla jua halijagusa mwamba, akibonyeza kichupa ataona vumbi likielea kuteremka, maana hewa baridi ni nzito na hushuka bondeni. Jua likishapasha mteremko, vumbi hilohilo hupanda. Kati ya nyakati hizo mbili kuna kipindi kifupi cha vurugu, hewa ikizunguka bila mwelekeo. Milima yote hufanya hivyo, ya Koboko na ya Colorado. Elki anaweza kupuuza alichokiona kwa macho, na sauti ya kijiti kilichovunjika anaweza kudhani ni ya mwenzake, lakini akinusa binadamu hutoweka, na huenda akavuka bonde zima kabla ya kusimama. Kwa hiyo asubuhi mwindaji awe chini ya elki, au sambamba naye. Mteremko ukishapata joto, amkaribie kutoka juu. Hewa ikianza kuzunguka, akae kimya asubiri. Msimu mzima unaweza kuharibika kwa nusu saa ya haraka.

Jambo la tatu Liru haliwezi kulifundisha. Koboko ipo digrii tatu na kitu kaskazini mwa ikweta, na jua hupita karibu utosini. Colorado ipo karibu na digrii 39, jua limeinama upande wa kusini, na miteremko inayotazama kaskazini hubaki na kivuli, unyevu na misitu mizito. Huko ndiko elki hulala mchana katika Septemba yenye joto. Miteremko inayotazama kusini ni mikavu na ya majani, nao huenda kula huko alfajiri na jioni. Mgeni akiwa na ramani mezani anaweza kuweka alama sehemu hizi kabla hajakanyaga mlima: malisho ya kusini, msitu wa kaskazini, chemchemi katikati, na njia rahisi ya mnyama kupita kati yake. Simu yenye ramani iliyopakuliwa mapema inafaa sana, maana mtandao hautakuwepo. Ramani ya karatasi na dira vibaki mkobani kwa siku betri itakapokufa. Ramani hiyo ionyeshe pia mipaka ya mashamba ya watu. Kuingia bila ruhusa shambani mwa mtu ni kosa, hata kama hakuna uzio.

Septemba ndio mwezi wa madume kugombea majike, na milima hujaa sauti. Dume hupiga mbinja ndefu inayopanda juu na kuishia kwa mkoromo. Majike hulia sauti fupi, laini. Maduka huuza vifaa vya kuigiza sauti hizi, na wageni wengi hupenda kuvipuliza kutwa. Kwa mwaka wa kwanza, kusikiliza kunalipa zaidi. Mwenye kusikia dume saa 12 asubuhi upande wa pili wa bonde anajua walipo. Akisubiri hewa itulie, ataweza kusogea. Sauti ya jike, iliyopulizwa mara moja tu kwa upole, hutosha kumsimamisha mnyama anayepita.

Hali ya hewa inastahili hofu. Mvua ya mlimani inaweza kugeuka theluji hata Septemba, na nguo za pamba zikilowa hazipashi mwili joto. Sufu au nguo za michezo zinazokauka haraka ni bora, pamoja na koti la mvua na kiberiti kilichofungwa kwenye plastiki. Mawingu ya radi yakianza kujikusanya mchana, mtu ateremke kutoka kwenye migongo ya milima. Dubu weusi wapo Colorado. Montana, na sehemu za Idaho na Wyoming, wapo pia dubu wakubwa wa kahawia, na huko mtu anashauriwa kubeba kiunoni kopo la dawa ya pilipili ya kuwafukuza, mahali ambapo mkono unafika mara moja. Mgeni asiende peke yake. Asiye na ndugu wa kwenda naye aulizie mwenzake kwenye darasa la mafunzo, na kila asubuhi mtu wa nyumbani awe ameachiwa jina la bonde na saa ya kurudi.

Na wakati ukifika? Mnyama awe amesimama ubavu, au amegeuka kidogo akitazama mbali na mwindaji, mshale uingie nyuma tu ya mguu wa mbele. Akitazamana na mwindaji uso kwa uso, asipigwe. Baada ya mshale kutoka, mtu asikimbie. Aweke alama pale aliposimama yeye na pale aliposimama elki, atazame saa, akae. Kisha asome damu. Nyekundu yenye povu laini kwenye majani ni ya mapafu, na nusu saa hadi saa moja inatosha. Nyekundu iliyokolea kuelekea weusi ni ya ini. Asubiri saa nne au zaidi. Mshale ukiwa na majani yaliyosagwa na harufu ya tumbo, asubiri saa nane hadi 12, hata kama roho inamuuma, kwa sababu elki akifukuzwa akiwa na jeraha hilo anaweza kwenda kilomita kadhaa na asionekane tena. Atakapofuata, atembee kando ya damu, asiikanyage.

Waislamu wa West Nile, Wanubi kwa Wakakwa na Waaringa, wana kanuni zao hapa na zinaoana vizuri na uwindaji wa upinde. Bismillahi isemwe mshale unapoachiwa. Mshale uue kwa makali yake. Kilichokufa kwa kugongwa na ubapa si halali. Mnyama akikutwa bado hai, achinjwe, kwa hiyo kisu kikali kiwe karibu. Akikutwa amekufa ndani ya maji, haliwi, maana haijulikani kama ni mshale au maji yaliyomuua.

Kazi ngumu huanza hapo. Kibali hujazwa na kufungwa kwenye mzoga papo hapo, kama kanuni zinavyotaka, na kiungo kinachoonyesha jinsia kibaki kimeshikana na nyama. Kisha nyama ipoe haraka: mnyama mwenye ngozi nene na kilo 300 hubaki na joto ndani, na paja huanza kuoza kuzunguka mfupa kabla nje hakujaonyesha kitu. Njia nyepesi kwa watu wawili ni kumlaza ubavu, kuchuna upande wa juu, kutoa mguu wa mbele, paja la nyuma, minofu ya mgongoni na ya shingoni, kisha kumgeuza na kurudia, bila kupasua tumbo hadi mwisho, inapobaki minofu ya ndani. Kila kipande kiingie kwenye mfuko wa kitambaa unaopitisha hewa, kitundikwe kivulini. Plastiki haifai. Dume hutoa nyama isiyo na mifupa kilo 70 hadi 100, na huko hakuna bodaboda wala majirani wa kuitwa. Watu wawili watarudi mara mbili au tatu, pengine usiku. Kabla ya kupiga ndipo mtu ajiulize kama anaweza kubeba mzigo huo kutoka pale alipo hadi kwenye gari. Kama hawezi, amwache mnyama. Sheria za majimbo haya huadhibu anayeacha nyama nzuri ioze porini.

Wengi hawatafika huko mwaka wa kwanza. Colorado, kati ya wawindaji 10 wa upinde, anayepata elki kwa kawaida ni mmoja, mara nyingine wawili, na miongoni mwa wanaokosa wapo waliopanda milima hiyo miaka mingi. Mgeni aliyemaliza Septemba akijua bonde moja vizuri, njia zake, chemchemi zake na tabia ya hewa yake, ana mtaji mkubwa kwa mwaka unaofuata. Arudi bonde lilelile.

Aliyepata, asiharakishe kupika. Kuna ugonjwa wa kudhoofisha elki na paa wa kule, unaoshambulia ubongo, uliotambuliwa kwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967. Haujathibitishwa kumpata binadamu, lakini wataalamu wa afya wanashauri nyama ya mnyama aliyepatikana nao isiliwe, na kuipika hakuondoi ugonjwa huo. Mamlaka za wanyamapori hupokea kichwa au tezi za shingoni kwa ajili ya vipimo. Mpaka majibu yarudi, nyama ikae kwenye friza kwenye mifuko iliyoandikwa tarehe na sehemu ya mwili, peke yake, isichanganywe na ya mwindaji mwingine. Majibu yakiwa mazuri, minofu ya mgongoni ikaangwe kwanza, kwani ndiyo laini. Mapaja na shingo yanataka kuchemshwa taratibu kwa saa nyingi. Mafuta ya elki huganda upesi mdomoni, hivyo yakatwe, na mboga ya karanga zilizosagwa, ile inayopikwa Arua na nyama kavu, inakubaliana vizuri na nyama hii.